Waifai imepotea baada ya kusasisha Linux? Usifute mfumo, anza hapa

Mwanzoni mwa 2024, asubuhi moja nikiwa ndiyo kwanza nafungua kibanda changu huku Ngamiani, Tanga, kwenye hizi barabara zetu za namba, bodaboda ilisimama mlangoni akashuka mama mmoja na laptopu kaifunga kwenye kanga. Ana duka la steshenari. Watu wanakwenda kwake kuchapisha barua, kuomba vyeti vya kuzaliwa, kujaza maombi ya mikopo ya chuo. Intaneti ikikatika, duka limefungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine hii jana nimeizima nzima, leo haioni waifai. Simu ya mjukuu wangu inaiona, hii haioni. Na sijagusa kitu. Fundi mmoja kaniambia lazima aifute yote aweke upya."

"Umempa?"

"Nimpe vipi, na madeni ya wateja wangu wote yameandikwa humo?"

Alifanya la maana kuja nayo ikiwa haijaguswa. Nimeshaona mtu akipoteza hesabu za miaka mitatu kwa tatizo lililohitaji amri mbili. Kompyuta ya Linux inayopoteza waifai, sauti au picha baada ya keneli (kiini cha mfumo) kubadilika, karibu kila mara hupona bila kufutwa. Faili zako ziko salama, na keneli iliyokuwa ikifanya kazi jana bado imo ndani ya diski, inasubiri kuitwa.

Linux ina aina nyingi. Mifano yangu ni ya Ubuntu na Linux Mint kwa kuwa ndizo ninazoletewa zaidi. Ukiwa na Debian, mengi yatafanana. Ukiwa na Fedora amri ni nyingine, ila mpangilio wa kufikiri ni huu huu.

Kilichotokea ni nini

Keneli ndiyo kiini cha mfumo, ile sehemu aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991. Ndiyo inayozungumza na maunzi: diski, kadi ya waifai, spika, skrini. Kila kifaa kina draiva yake, yaani programu ndogo inayomfundisha keneli namna ya kukitumia. Draiva nyingi sana zimo ndani ya keneli yenyewe, na keneli mpya ikija huja nazo. Hizo hazisumbui sana.

Zinazosumbua ni zile za nje: waifai za Broadcom, kadi za picha za NVIDIA, baadhi ya waifai za Realtek. Wanaotengeneza keneli hawaahidi kwamba sehemu zake za ndani zitabaki vile vile toleo hadi toleo, kwa hiyo draiva ya nje lazima ijengwe upya kwa kila keneli. Ukibadilisha kitasa, ufunguo wa zamani hauingii hata kama mlango ni ule ule. Kazi ya kuchonga ufunguo mpya hufanywa kimya kimya na programu iitwayo DKMS. Ikishindwa, huambiwi kwa sauti.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Keneli mpya ikishawekwa haianzi kutumika papo hapo. Inasubiri uzime na kuwasha. Mama huyu alikuwa amekubali masasisho siku kadhaa nyuma, akawa anafunga mfuniko tu bila kuzima. Siku alipozima ndipo keneli mpya ikashika usukani. Kwa hiyo mteja akikuambia "sijagusa kitu", mwamini, kisha muulize alikubali masasisho lini.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye keneli ya jana

Hii ifanye kabla ya kitu chochote. Inakurudishia kazi yako, na inakupa jibu.

Zima kompyuta. Iwashe, na mara nembo ya mtengenezaji inapotokea gusa kitufe cha Esc. Mashine za zamani zenye BIOS (programu ya kizamani ya kuamshia mashine) zinataka ushikilie Shift. Itatokea menyu ya GRUB, programu inayochagua keneli ya kuwasha. Ukigusa Esc mara nyingi mno unaweza kujikuta kwenye skrini tupu yenye neno `grub>`. Usishtuke, andika `normal`, bonyeza Enter, na hapo hapo gusa Esc mara moja tu.

Kwenye menyu shuka hadi "Advanced options for Ubuntu" (kwenye Mint litasomeka jina la Mint), ingia. Utaona orodha ya keneli kwa namba, mpya ikiwa juu. Chagua ya pili kwa upya, ule mstari usio na maneno "recovery mode".

Kompyuta ikiwaka, fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

`uname -r`

Hiyo ndiyo namba ya keneli unayotumia sasa. Iandike kwenye karatasi pamoja na ile ya keneli mpya. Kwa mama ilikuwa 6.2 ndiyo nzima, 6.5 ndiyo bovu.

Sasa tazama kifaa chako. Kikifanya kazi, kosa liko kwenye keneli mpya au draiva yake, endelea na mwongozo huu. Kikikataa hata kwenye keneli ya zamani, acha kuisingizia keneli. Huku kwetu pwani hewa ya chumvi inakula vyuma. Nimeshafungua laptopu za watu wanaoishi Raskazone karibu kabisa na maji nikakuta miguu ya kadi ya waifai imeota kutu ya kijani. Hapo kinachotakiwa ni bisibisi na brashi.

Kama una kazi ya haraka, ishia hapa kwa leo. Fanya kazi yako, urudi kwenye hatua zifuatazo jioni ukiwa umetulia. Mama yule nilimwashia 6.2, akachapisha barua za watu watatu pale pale kibandani kabla sijaanza kurekebisha.

Hatua ya pili: pata intaneti kupitia simu

Marekebisho mengi yanahitaji kupakua kitu, na waifai ndiyo iliyokufa. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, washa kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta itaichukulia simu kama waya wa mtandao. Draiva ya kazi hiyo imo ndani ya keneli, ndiyo maana hufanya kazi hata mambo mengine yanapogoma. Hakikisha waya ni wa kupitisha data, maana nyingine za bei rahisi zinachaji tu.

Kuhusu bando: kabla `apt`, programu ya kupakua na kuweka programu nyingine, haijapakua chochote inaandika mstari unaoanza na "Need to get" ukifuatiwa na kiasi cha megabaiti. Usome mstari huo kabla hujabonyeza Y. Ukiwa umebakiwa na megabaiti 80 na inataka 150, jibu n, kaongeze bando kwanza. Upakuaji unaokatikia njiani unakuongezea tatizo juu ya tatizo.

Hatua ya tatu: je, sasisho lilimalizika?

Laptopu nyingi ninazoletewa betri zake zimekufa, zinaishi kwa umeme wa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya masasisho, keneli inabaki nusu. Andika (neno `sudo` ni kuomba mamlaka ya msimamizi):

`sudo dpkg --configure -a`

`sudo apt --fix-broken install`

Kama kulikuwa na kazi iliyoachwa njiani, itamaliziwa. Zikikaa kimya, hapakuwa na kiporo.

Kisha tazama nafasi:

`df -h /boot`

Waliosimba diski yao (kuifunga kwa neno la siri) wakati wa kuweka Ubuntu huwa na sehemu ya `/boot`, zinakokaa keneli, iliyotengwa, tena ndogo. Ikijaa, keneli mpya haipati faili yake ya kuanzia, na ukiiwasha unapokewa na maandishi ya "Kernel panic" na "Unable to mount root fs". Dawa yake, ukiwa ndani ya keneli ya zamani, ni kuondoa zilizozeeka kabisa, kisha kutengeneza faili hiyo upya:

`sudo apt autoremove --purge`

`sudo update-initramfs -c -k all`

Usiingie `/boot` na kufuta faili kwa mkono. `apt` inajua ipi inatumika sasa na ipi ni ya akiba, mkono wako haujui.

Hatua ya nne: uliza kompyuta inaona nini

Sasa ingia kwenye keneli mpya, ile bovu, maana tunataka kumwona mgonjwa akiwa anaumwa. Andika:

`lspci -nnk`

Orodha ni ndefu. Tafuta kifaa chako: waifai huandikwa "Network controller", picha "VGA compatible controller", sauti "Audio device". Ukiwa na waifai ya kuchomeka kwenye USB, tumia `lsusb`. Kwa mama ilisomeka hivi:

`Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]`

`Kernel modules: bcma`

Mistari hiyo miwili ilitosha. Namba zilizo kwenye mabano, 14e4:4365, ndizo kitambulisho cha kadi. Ukitafuta msaada popote, taja hizo, si jina la laptopu. Laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti. Kisha angalia kilichokosekana: hapana mstari wa "Kernel driver in use". Kadi inaonekana, lakini hakuna draiva iliyoishika. Kwenye keneli ya zamani mstari huo ulikuwepo, umeandikwa `wl`.

Kifaa kisipoonekana kabisa kwenye orodha wakati kwenye keneli ya zamani kinaonekana, jaribu kwanza kuzima kompyuta kabisa, kuchomoa chaja na kusubiri dakika moja. Kuna kadi zinazogandia baada ya kuwashwa upya na hiyo huwazindua.

Kama draiva ipo na imeshika kifaa lakini hakifanyi kazi, kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni `rfkill list`. Ukiona "Soft blocked: yes", andika `rfkill unblock all`. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta kitufe cha waifai kwenye kibodi au ubavuni mwa mashine. La pili ni fimuwea, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe:

`sudo dmesg | grep -i firmware`

Maneno "failed to load" yakiishia na -2 yanamaanisha faili haikupatikana. Kadi za Intel huandika "no suitable firmware found". Hapo andika `sudo apt install --reinstall linux-firmware`, zima, washa.

Kuna jambo moja dogo ambalo limenisumbua zaidi ya mara moja. Ubuntu imeigawa keneli vipande, na draiva nyingi za waifai na sauti zimo kwenye kipande kinachoitwa linux-modules-extra. Kikikosekana, waifai, sauti na Bluetooth hufa kwa pamoja. Ukiona vifaa vitatu visivyohusiana vimekufa siku moja, anza hapa:

`sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)`

Hatua ya tano: draiva za nje na DKMS

Kama kifaa chako ni Broadcom, NVIDIA au Realtek iliyowekwa kwa mkono, huku ndiko liliko jibu mara nyingi.

`dkms status`

Utapata orodha ya draiva, kila moja na keneli ilizojengewa. Ukiona draiva yako ina neno "installed" kwa keneli ya zamani na ile mpya haimo, ufunguo haukuchongwa. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni vichwa vya keneli, yale maelezo ambayo DKMS inayahitaji ili ijenge:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`

`sudo dkms autoinstall`

Kwa wengi inaishia hapo. Zima, washa, waifai imerudi.

Ya mama haikuishia hapo. Ilisema imeshindwa kujenga na kunielekeza kwenye faili ya kumbukumbu. Faili hiyo iko `/var/lib/dkms/`, ndani ya folda ya draiva, kisha ya toleo lake, kisha `build/make.log`. Ifungue. Utakutana na mamia ya mistari na utatamani kuifunga. Usiifunge. Tafuta neno "error" la KWANZA kutoka juu, maana yaliyobaki chini yake ni matokeo tu. La kwanza kwa mama lilikuwa hili:

`unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'`

Maana yake: keneli 6.5 ya Ubuntu 22.04 ilijengwa kwa gcc, programu inayogeuza msimbo kuwa programu kamili, toleo la 12, na mashine ya mama ilikuwa na toleo la 11, ambalo halilijui chaguo hilo. Draiva haikuwa mbovu, kadi haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni kifaa cha kujengea:

`sudo apt update`

`sudo apt install gcc-12 dkms bcmwl-kernel-source`

Ile `bcmwl-kernel-source` ndiyo draiva ya Broadcom yenyewe. Niliitaja ili nayo ije kwa toleo jipya, kwa kuwa matoleo ya zamani ya draiva hii hugomea keneli mpya. Kwenye Debian inaitwa `broadcom-sta-dkms`. Halafu:

`sudo dkms autoinstall`

`sudo modprobe wl`

Alama ya waifai ikatokea pale pale, bila hata kuzima. Mama alikuwa anakula mahamri, akayaweka chini.

Kama kosa lako linataja jina la kitendaji fulani kisichojulikana, au "implicit declaration", basi draiva yako ni ya kale kuliko keneli. Tafuta toleo jipya la draiva kwenye hazina ya Ubuntu. Ukikosa, baki na keneli ya zamani mpaka litoke. Na kwa Realtek, kabla hujahangaika, kumbuka kwamba keneli za miaka ya karibuni zimeshaingiza ndani draiva za kadi nyingi zilizokuwa zinahitaji ya nje, mfano RTL8723DE na RTL8821CE. Wakati mwingine tiba ni kuiondoa ile ya nje uliyoiweka zamani ili ya ndani ipate nafasi.

Ikikataa kwa sababu ya ufunguo wa usalama

Ukiandika `modprobe`, ile amri ya kupakia draiva, na ukajibiwa "Key was rejected by service", draiva imejengwa sawa lakini Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokagua saini za programu, haiitambui saini yake. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Ikisema "enabled":

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakuomba utunge neno la siri la kutumia mara moja. Tunga la herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu skrini inayofuata hutumia mpangilio wa kibodi ya Marekani na alama zinaweza kuhama. Washa upya. Itatokea skrini ya buluu, nayo haikusubiri muda mrefu, kwa hiyo usiondoke kwenda kununua maji. Chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", andika neno lile, kisha "Reboot". Watu wanaiogopa skrini hii wakidhani ni virusi, wanaipita, halafu wanarudi kwangu na tatizo lile lile.

Skrini nyeusi

Hili ni la NVIDIA kwa sehemu kubwa. Kwenye menyu ya GRUB simama kwenye keneli mpya, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake baada ya "quiet splash", acha nafasi, andika `nomodeset`, bonyeza F10. Utapata picha isiyo nzuri lakini inayoonekana. Badiliko hilo ni la mara hiyo moja. Ukishaingia:

`ubuntu-drivers devices`

`sudo ubuntu-drivers install`

Kadi za zamani kama GeForce za mfululizo wa 400 na 500 zinatumia draiva ya 390, ambayo NVIDIA iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2022. Kwa hizo mimi sihangaiki tena. Naiondoa kwa `sudo apt purge 'nvidia-*'` na kuiacha draiva ya wazi iitwayo nouveau ifanye kazi. Kwa kuandika barua na kutazama video inatosha kabisa.

Printa? Ikigoma baada ya masasisho, mara chache sana ni keneli. Printa huongozwa na CUPS, programu iliyo nje ya keneli. Iondoe na uiongeze upya kwenye mipangilio.

Ukibaki na keneli ya zamani kwa muda

Kama marekebisho hayajapatikana, izuie mpya isiendelee kujileta. Angalia kwanza unatumia mfululizo upi kwa `dpkg -l | grep linux-generic`. Kwa mashine yenye `linux-generic-hwe-22.04`:

`sudo apt-mark hold linux-generic-hwe-22.04 linux-image-generic-hwe-22.04 linux-headers-generic-hwe-22.04`

Kisha ifanye menyu ionekane kila unapowasha. Fungua `/etc/default/grub` kwa `sudo nano`, weka `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=5`, hifadhi, andika `sudo update-grub`. Watumiaji wa Mint wanaweza kusimamia keneli zao kupitia dirisha la masasisho, sehemu ya View, Linux Kernels.

Usiiache imezuiwa miezi na miezi, kwa kuwa viraka vya usalama huja kupitia keneli hizo hizo. Jiwekee siku ya mwisho wa mwezi, andika amri ile ile ukibadilisha `hold` kuwa `unhold`, sasisha, jaribu.

Mashine ya mama niliiwekea menyu hiyo ya sekunde tano, nikamwonyesha mstari wa "Advanced options" na namna ya kushuka kwa mishale. Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu asubuhi. Keneli nyingine ilikuwa imeingia na waifai imetoweka tena, lakini alikuwa ameshachagua mstari wa pili mwenyewe na foleni ya wateja inaendelea kuhudumiwa. Alichotaka ni kujua tu kama naweza kupita kwake jioni baada ya alasiri, akishafunga.